Ekzosi Haihitaji Kipodozi

Najua nimekuwa kimya tangu tulipofunga chuo. Nilikuwa nyumbani Kwa Sadala kwa wiki nane za PT, asubuhi naingia gereji na ovaroli, jioni natoka nanuka oili chafu mpaka mama ananiambia nisikalie kochi. Sasa nimerudi Mlimani, na juzi pale kwenye vimbweta tumebishana mpaka usiku wa manane. Mada yenyewe? Rangi ya ekzosi. Ndiyo, bomba la moshi la gari! Wa Sheria na Siasa walitucheka sana. Lakini nimeona niandike, kwa sababu hoja nilizozisikia pale zinatolewa na watu watakaoitwa mainjinia miaka miwili ijayo, na ni hoja zilezile nilizozisikia gereji. Tofauti ni kwamba fundi hana bumu wala maktaba. Sisi tunavyo.

Msimamo wangu nauweka mapema ili asiyeupenda aanze kuchukia mapema. Hii rangi ya silva inayopakwa kwenye ekzosi na kuitwa "rangi ya joto" ni changa la macho. Haizuii joto, haizuii kutu, na mbaya zaidi, inaficha ubovu ambao abiria ana haki ya kuujua. Na nyie mnaosema dawa ni kununua tu kopo la gharama kutoka nje, nanyi nina ugomvi na ninyi. Tulieni, nitafika kwenu.

Kwa wasiopajua Kwa Sadala: ukitoka Moshi mjini kuelekea Arusha, ukishapita njia panda ya Machame na kabla hujafika Boma Ng'ombe, utakuta soko, mikungu ya ndizi, bodaboda wamejipanga, na upande wa kulia barabara inapanda kwenda Masama. Hiyo ya kupanda ndiyo inayomaliza magari. Noah imejaa watu, mizigo nyuma, gia ya pili, mguu wote kwenye mafuta. Ikifika juu, mvua. Ikishuka, bomba lililokuwa moto linaingia kwenye dimbwi la maji baridi, chwaa! Kesho yake tena, na keshokutwa tena. Sasa mwambie fundi apake kwenye bomba hilo rangi ileile aliyopakia geti la kanisa, halafu tushangae kwa nini imebanduka.

Na ndivyo inavyofanyika jamani. Nimeona kwa macho yangu. Ekzosi inashushwa, inapigwa brashi ya waya dakika mbili, tena pale panapoonekana tu, rangi ya mafuta ya silva inachanganywa na petroli kidogo ili iwe nyepesi, inapakwa, inang'aa kama sufuria mpya. Mwenye gari anafurahi, analipa. Siku ya tatu gari linanuka kuungua, watu wanashuka wakidhani nyaya zinashika moto. Wiki ya pili rangi imekuwa kahawia, inatoka kama magamba ya samaki. Mteja akirudi anaambiwa: "Injini yako inachemsha sana, ndiyo maana rangi imeungua." Yaani kosa limehama kutoka kwenye kopo likaenda kwenye injini! Na mteja anaweza kulipia tena kukaguliwa injini nzima.

Tuanze na kwa nini inaungua, maana hapa ndipo hata wenzangu wa CoET walipoteleza. Rangi ina vitu viwili vikubwa: unga unaotoa rangi, na gundi inayoushika ule unga kwenye chuma. Ukisikia rangi "inahimili joto", usiulize kwanza juu ya unga, uliza juu ya gundi. Gundi ya rangi ya mafuta ya kawaida ni ya mnyororo wa kaboni. Ukiipeleka kwenye nyuzi joto 150 za sentigredi na kuendelea inaanza kuwa ya njano, inakauka, inapasuka, na ukizidisha inageuka moshi. Ule unga wa silva ni alumini, na alumini haiyeyuki mpaka nyuzi 660. Kwa hiyo gundi inaweza kuwa imekwisha kabisa, na unga bado unang'aa pale juu ukiwa umeegama tu. Pitisha kidole, utatoka na kidole cha silva. Hiyo ndiyo siri ya kung'aa kwake. Unachokiona ni unga usio na kinachoushika, na maji yakipita yanaondoka nao.

Rangi ya joto ya kweli gundi yake ni ya silikoni. Mnyororo wake ni silikoni na oksijeni, ndugu wa mchanga na kioo. Kampuni ya Dow Corning iliundwa Marekani mwaka 1943 kwa ajili ya kutengeneza silikoni wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo hii si sayansi mpya kwamba tunaisubiri ifike. Ikipata moto, sehemu zake za kaboni zinaondoka na kubaki wavu mgumu unaofanana na kioo, unaoshika unga na chuma kwa pamoja. Ikiwekwa unga wa alumini au unga mweusi unaostahimili moto, inafika nyuzi 600 mpaka 650 bila matatizo. Elewa hapo: ile ya mafuta inauawa na moto, hii ya silikoni inakomazwa na moto. Usipoichoma haijaiva.

Haya, tuje kwenye swali lenyewe la kuchagua. Kosa la kwanza la wote, mafundi na wanachuo, ni kusema "ekzosi" kana kwamba ni kitu kimoja chenye joto moja. Ekzosi ni safari. Inaanzia kwenye manifodi pale injini inapotema moshi. Kwenye injini ya petroli iliyobanwa mlimani, gesi inayotoka inaweza kufika nyuzi 800 hata zaidi, na chuma chenyewe kinafika 500, 600. Chuma kikifika kama nyuzi 500 kinaanza kuonekana chekundu gizani, kwa hiyo ukichungulia usiku ukaona manifodi inawaka kwa mbali, umeshajua uko wapi. Linafuata bomba la mbele, halafu masega, ambayo yanapofanya kazi yana joto lake yenyewe, mara nyingi nyuzi 400 mpaka 800. Bomba la kati linapungua. Ukifika kwenye sailensa ya nyuma na mkia uko kwenye 150 mpaka 300 hivi. Dizeli kwa kawaida iko chini kidogo ya petroli.

Sasa ukishajua hivyo, kuchagua kunakuwa rahisi. Sailensa na mkia: silikoni ya kawaida yenye alumini, ya nyuzi 400 au 600, inatosha na kubaki. Bomba la kati: ya 600. Manifodi na bomba la mbele: ya 650 iko ukingoni, hapo ndipo unaweza kutafuta zile kali zaidi, au kama ni manifodi ya chuma cha kumimina, iache bila rangi kabisa. Itashika kutu ya juu juu lakini ni nene, inaweza kuishi kuliko gari lenyewe. Ndiyo, kuacha bila rangi nako ni kuchagua! Hakuna amri iliyoandikwa mahali kwamba kila chuma lazima king'ae.

Na hapa nije kwa ndugu zangu wa "nunua kopo la gharama, mchezo umekwisha". Mmoja wenu alinionyesha kwenye simu kopo la kupuliza lililoandikwa 1200, akaniambia kwa majigambo, "Hili nyuzi 1200, hata jehanamu haliungui." Kaka, soma herufi ndogo inayofuata ile namba. Ni F. Ni Farenhaiti! Toa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9, unapata kama nyuzi 650 za sentigredi. Ile yenye 2000 ni kama 1090. Tena tazama kama wameandika ni joto la mfululizo au la muda mfupi, maana namba kubwa mara nyingi ni ya muda mfupi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anasoma F kama C, halafu tunamlaumu fundi aliyeishia darasa la saba? Acheni hizo.

Halafu hata ukinunua kopo sahihi, ukilipaka kama unavyopaka geti umetupa hela. Rangi hizi hupakwa nyembamba, kama mikroni 20 mpaka 25 kwa mkono mmoja ikikauka. Unywele wa kichwani kwako ni kama mikroni 70. Kwa hiyo mkono mmoja ni kama theluthi ya unywele! Fundi wetu anapaka nene kwa nia njema, anadhani nene ndiyo imara. Moto ukifika, hewa na tina iliyonaswa chini inatafuta pa kutokea, rangi inatoa malengelenge. Chuma chenye oili nacho, chenye kutu nacho, hakishikwi na silikoni hata iwe imetoka mwezini. Bei ya kopo haisafishi chuma.

Wengine mlisema: basi tuachane na rangi, tutumie bomba la maji la galvanaizi, lina zinki, halishiki kutu. Nimeliona hili gereji pia, kipande cha bomba la maji kimechomelewa katikati ya ekzosi. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419 na ushee. Karibu na injini inakwisha mapema tu. Lakini kabla hata hujafika huko kuna mtu wa kumhurumia: anayechomelea. Zinki ikichomwa inatoa moshi mweupe, na anayeuvuta anapata homa ya mafusho: jioni anatetemeka, viungo vinauma, mdomoni ladha ya chuma. Asubuhi anaweza kuwa amepona, akadhani ilikuwa malaria. Mangapi tunayaita malaria jamani!

Kuna na kundi la kufunga kitambaa cha joto kuzunguka bomba. Kwenye gari la mashindano linalofumuliwa kila wiki, sawa. Kwenye Noah ya Masama kitambaa kinashika maji ya mvua na matope kama sponji, bomba linaoza ndani yake na huoni. Na ukikuta kamba nyeupe ya zamani usiyoijua asili yake, usiipige grenda wala kuipuliza kwa kompresa. Vifaa vingi vya zamani vya joto vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi la asbesto linaleta saratani.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana hayo yote ya juu ni utangulizi.

Ekzosi nyingi zinaoza kutokea NDANI. Hili ndilo muuza rangi hatakuambia. Petroli ina hidrojeni, ikiungua inatoa maji. Kwa kila lita moja ya petroli unapata takriban lita moja ya maji, yanatoka kama mvuke. Bomba likiwa moto yanatoka nje yakaisha. Lakini gari la safari fupi fupi, la kupeleka watoto shule na kurudi, bomba la nyuma halipati moto wa kutosha, mvuke unageuka maji, yanachanganyika na tindikali kidogo za kwenye moshi, yanatuama chini ya sailensa. Yanakula chuma usiku kucha gari likiwa limelala. Ndiyo maana sailensa nyingi za kiwandani zina kitundu kidogo chini cha kumwaga maji, kile ambacho baadhi ya mafundi wetu wanakiziba wakidhani ni ubovu! Ongeza na asili ya magari yenyewe: mengi tunayapata Japani yakiwa yametumika, na mengine yalikaa mikoa ya theluji kama Hokkaido ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu. Kutu imeshapanda meli kabla ya gari kufika bandarini Dar.

Kwa hiyo unapaka nje, ugonjwa uko ndani. Ni kama kupaka poda mtu mwenye vidonda vya tumbo.

Wiki ya tano ya PT ililetwa Noah. Dereva anataka ekzosi ipakwe silva maana ukaguzi uko karibu, anataka stika, na kukiwa kumependeza chini trafiki hachunguzi sana. Nikapewa brashi. Nikaingia chini, nikachukua bisibisi, nikaligusa bomba la kati pale lilipopita chini ya viti vya abiria. Bisibisi ikazama. Sikutumia nguvu, niligusa tu. Nikasogea kidogo, ikazama tena. Fundi mkubwa akanijia juu:

"Dogo, umekuja kujifunza au kutuharibia biashara?"

Nikamwambia, "Fundi, hapa hakuna cha kupaka. Tutapaka hewa."

Dereva alikuwa amesimama pembeni. Akachuchumaa, akatazama yale matundu, akanyamaza. Halafu akauliza taratibu, "Kwa hiyo huu moshi ulikuwa unakwenda wapi?" Hakuna aliyemjibu. Konda wake ndiye aliyesema kwamba kila jioni kichwa kinamuuma, akishuka akikaa nje kinaachia, na alikuwa anadhani ni kelele za barabarani. Dereva aliondoka pale kwa hasira ya hela. Kesho yake akarudi na kipande cha bomba jipya, likachomelewa. Rangi hakuitaja tena.

Huo moshi una kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Inashika himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika, kwa hiyo unapumua hewa tele na mwili unakosa hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Sasa fikiria asubuhi ya Julai kule juu Masama, baridi inauma, vioo vyote vimefungwa, watu wamebanana, mtoto amelala mapajani mwa mama yake. Nani atajua kama mtoto amechoka au ananyweshwa moshi? Kuanzia hapo rangi ya silva imeacha kuwa suala la urembo. Imekuwa pazia.

Na balaa linaongezeka kwa hii biashara ya kutoa masega. Masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, yana soko. Mwenye gari anaambiwa "yanabana injini, tuyatoe", yanakwenda kuuzwa, linawekwa bomba tupu, linapakwa silva lisijulikane. Kazi ya masega ilikuwa kuigeuza hiyohiyo kaboni monoksidi kuwa kaboni dayoksaidi. Kwa hiyo umetoa chujio, umeacha tundu, umepaka rangi juu. Hapo kuna nini tena cha kumlaumu Mungu?

Bodaboda nao nisiwasahau. Kuna walioniambia rangi nyeusi ya joto "inapunguza kuungua miguu". Haipunguzi! Rangi nyembamba inalinda chuma, hailindi ndama ya mguu wa abiria. Kinacholinda ni ile kinga ya bati yenye matundu iliyokuja na pikipiki, ambayo wengi wameifungua ili pikipiki ionekane ya kisasa. Rudisheni kinga, muache kupaka.

Najua mtaniambia mimi nawasema mafundi, watu wanaotafuta ugali. Hapana. Fundi ni wa mwisho kwenye foleni ya lawama. Anayeuza rangi kwenye kikopo kilichopimwa upya bila maandishi, akasema "hii ya joto", huyo namlaumu. Mteja anayejua bomba limetoboka na anataka lifunikwe ili auze gari kwa mwingine, huyo namlaumu zaidi. Na sisi tunaosomeshwa kwa kodi za haohao namlaumu kila mmoja wetu. Hapa chuoni projekti za mwaka wa mwisho zinadeswa mwaka hadi mwaka, zinafungwa jalada zuri, zinalala makabatini. Nani ameshawahi kuchukua vibao kumi vya chuma, akavipaka rangi zinazouzwa mtaani kwake, akaviweka kwenye tanuri la idara nyuzi 200, kisha 400, kisha 600, akavitumbukiza kwenye maji na kuandika kilichobaki? Ni kazi ya wiki moja! Matokeo yanaingia kwenye karatasi moja ya Kiswahili inayobandikwa ukutani gereji. Kule kwetu VETA wako Moshi, SIDO wako Moshi tangu enzi, wilayani Hai kwenyewe kuna kiwanda cha mashine cha KMTC chini ya NDC. Hatukosi pa kuanzia. Tunakosa aibu.

Kwa wenye haraka na wasiopenda kelele zangu, utaratibu ninaousimamia ni huu:

1. Gonga na uchokonoe kwanza. Bisibisi ikizama, usipake. Kata, chomelea kipande kipya, au badilisha. Ukiweza pata bomba la chuma lililopakwa alumini kiwandani, au chuma cha pua kama mfuko unaruhusu. Hivyo vinapambana na kutu ya ndani, rangi haiwezi.

2. Bomba likiwa zima, jua ni sehemu ipi ya safari na joto lake. Chagua kopo kwa sentigredi, si kwa ukubwa wa namba.

3. Safisha mpaka chuma kionekane: brashi ya waya, msasa, kupiga mchanga kama kupo. Kisha futa kwa tina au asetoni na kitambaa safi, na usishike tena kwa mikono yenye oili.

4. Usitangulize praima ya kawaida ya nyekundu chini yake. Itaungua na kuondoka na kila kilicho juu yake.

5. Paka nyembamba, mikono miwili, na uache ikauke kama kopo linavyosema. Mvua ikinyesha, ahirisha.

6. Iivishe. Kama huna oveni, tumia injini yenyewe: washa dakika kumi bila kukanyaga mafuta, zima ipoe, rudia dakika ishirini, zima ipoe, halafu endesha taratibu, ndipo upande mlima. Fanya nje penye hewa, maana itafuka moshi mara ya kwanza. Usifanye ndani ya gereji iliyofungwa milango, nimeshaeleza kwa nini.

7. Kile kitundu cha chini ya sailensa, kiache kama kilivyo!

Mtu mmoja aliniambia hayo yote ni ya Ulaya, sisi maskini tunafanya tunachoweza. Hesabu vizuri. Katika hayo saba, kopo lenyewe ndilo la gharama. Kugonga ni bure, kusafisha ni jasho, kupaka nyembamba kunakupunguzia rangi, kuivisha ni mafuta kidogo. Wanaopaka silva kila baada ya miezi miwili ndio wanaoishi kitajiri, maana wanalipia kitu kilekile mara sita kwa mwaka na mwisho wa mwaka bado wana bomba bovu. Umaskini haujawahi kumlazimisha mtu kudanganya kwamba rangi ya geti ni rangi ya joto.

Kwa hiyo wikiendi hii mkienda nyumbani, au ukipanda Noah ya kwenda popote, ukikuta ekzosi inang'aa kuliko gari lenyewe, usisifie. Muulize dereva kwa heshima: chini ya hiyo rangi kuna chuma? Na wewe uliye CoET, ukipewa brashi kwenye PT yako, chukua bisibisi kwanza.

Wenye kupinga waje na namba, na namba ziwe na herufi yake, C au F. Naomba kuwasilisha.